Mgeni Aliyekalia Kiti cha Pacha Wangu

Uliiona. Usinitolee macho kana kwamba hukuiona.

Ilikuwa ndani ya simu yako, katikati ya harusi ya binamu yako na tangazo la dawa ya kiuno. Wasichana wawili wa miaka minne, magauni ya miraba, soksi nyeupe zimevutwa mpaka magotini, wamekaa juu ya vigoda mbele ya pazia lililochorwa ngazi za jumba ambalo hakuna mtu wa mji wetu wa Ogbomoso aliyepata kulikanyaga. Ukasema, "Jamani, watamu." Ukabonyeza moyo mwekundu. Ukapita.

Watu elfu nne mlipita. Hakuna hata mmoja aliyesimama akauliza kwa nini inzi ametua kwenye soksi ya kulia ya yule wa kwanza, na inzi yule yule ametua kwenye soksi ya kulia ya yule wa pili.

Kutazama mlitazama. Kuona mligoma.

Kama umenikuta leo njiani, nakupa kwa ufupi uendane na wenzako. Mimi ni Kehinde, muuza vitambaa vya nila, mwanamke wa miaka sitini na minne. Darasani sikukaa, kusoma nilijifundisha kwa magazeti yaliyofungia akara, bajia zetu za kunde. Mwaka 1988 walipotaka kuvunja vibanda vyetu vya soko, ni mimi niliyepiga kengele nikalala mbele ya tingatinga. Nasema haya ili ujue kwamba kinywa ninacho. Maana kisa hiki chote ni cha neno moja nililoshindwa kulitamka.

Pacha wangu Taiwo alikufa kwa surua mwaka 1962. Miaka miwili baadaye mama yangu alinipeleka kwa Baba Gbadebo, mpiga picha, akanipiga peke yangu, kisha akaichapa picha yangu mara mbili kwenye karatasi moja. Ndivyo ilivyofanywa kwetu. Kanisa lilikuwa limewakataza akina mama kutunza vinyago vya mapacha waliokufa, basi wakatunza picha.

Na kwetu pacha hasemwi kwamba amekufa. Amesafiri. Ukisema vinginevyo, unamwita na yule aliyebaki amfuate.

Kwa hiyo nilipoirusha picha ile katika kundi la picha za kale la mji wetu, niliandika chini yake: "Mimi na pacha wangu Taiwo, aliyesafiri."

Mwanamke mmoja kule Tamale, nchini Ghana, akayasoma maneno hayo akalia. Yeye alilelewa huko na mfanyabiashara wa kwetu. Mwaka 1969, wageni walipofukuzwa Ghana, mlezi wake alikimbia akamwacha kwa jirani. Alimwachia maneno mawili tu: kwenu Ogbomoso, na wewe ni pacha.

Jina lake Memuna. Wiki iliyopita nilikuacha naye mlangoni kwetu, mama yangu amemshika mashavu kwa mikono miwili, akimwambia: "Taiwo. Umechelewa."

Sasa sikiliza.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu siku ya tatu alipewa kitanda changu.

"Wewe umezoea mkeka, Kehinde," mama aliniambia. "Mwenzio ametoka mbali."

Mwenzio! Miaka sitini nimelisikia neno hilo. Nikiwa mdogo, kunde za mapacha zikipikwa, sahani ya kwanza iliwekwa mbele ya picha. Nami nilikaa pale nikimeza mate, nikimtazama mtoto mwenye uso wangu akipewa chakula changu. Mama alishona magauni mawili kila Krismasi. La Taiwo niliruhusiwa kulivaa, ila niliambiwa, "Usilichafue, mwenyewe akirudi alikute safi." Nilikuwa namwonea kijicho mtu ambaye hakuwa na hata kivuli cha kukanyaga.

Lakini maiti ana adabu. Hajibu, hacheki, hasugui mgongo wa mama yako kwa mafuta ya shea aliyotoka nayo kwao.

Memuna alisugua. Na mama akacheka.

Ndugu yangu, nimemtunza mama yule miaka kumi na tisa tangu macho yaanze kupofuka. Nimemwogesha, nimemtafunia nyama. Sijapata kumsikia akicheka hivyo. Kicheko cha msichana! Nilikuwa uani natwanga, mchi ukanisimama mkononi.

"Mama anacheka nini?" nikauliza mlangoni.

"Hata halisimuliki," mama akasema, anajifuta machozi. "Taiwo huyu ana mambo! Kehinde, chai yetu vipi?"

Chai yetu.

Nilimfuata Memuna jikoni. Alikuwa anapepeta kunde, mwanamke mwembamba, shingo ndefu, nywele zimeingia mvi kwa mbele kama zangu. Hilo nalo lilinikera. Nani alimpa ruhusa ya kuzeeka kama mimi?

"Dada mkubwa," akasema, akapiga goti kidogo.

Kwetu Kehinde ndiye mkubwa, ingawa huzaliwa wa pili. Yeye ndiye humtuma Taiwo atangulie kuonja dunia kama inafaa. Huyu alijua hata hilo.

"Usiniite dada."

"Nikuite nani?"

"Wewe unataka nini hapa, Memuna? Sema. Nyumba? Hii inavuja. Mama? Ana miaka themanini na sita."

Aliweka ungo chini polepole.

"Nilitaka kumwona mtu anayefanana nami kabla sijafa. Nimemwona. Ana ulimi mkali, lakini nimemwona."

"Mimi sifanani nawe."

"Ni kweli. Mimi mzuri kidogo." Akacheka, kisha akaniona usoni, akaacha. "Haya. Kama mimi si Taiwo, niambie Taiwo yuko wapi. Niambie mara moja tu, nitafunga mzigo wangu."

Nilifungua kinywa. Kinywa hiki kilichowatukana madiwani mchana kweupe.

Kule uani, wake za kaka zangu tunaoishi nao walikuwa wameacha kufua. Ndoo hazikugonga. Wote walikuwa wanasubiri kama nitalisema. Nikasema:

"Amesafiri."

"Basi amerudi," akasema Memuna, akaendelea kupepeta.

Usiku niliapa nitamtoa. Asubuhi nikamfuata Mwalimu Oyewusi.

Mwalimu Oyewusi ni mstaafu wa jiografia, ndiye msimamizi wa kundi. Kweli chungu niseme, maana nimeapa humu kuungama: ni kwa ajili yake niliirusha picha ile. Kila Ijumaa alikuwa anatuletea baba yake kando ya garimoshi, baba yake na baiskeli, baba yake na Mzungu wa misheni, na watu wanamsifu kana kwamba garimoshi alilitengeneza yeye. Nilitaka Ijumaa moja nisifiwe mimi. Nikafungua sanduku la mama bila kumuuliza.

"Mwalimu," nikamwambia, "ikuze ile picha. Tazama soksi. Inzi mmoja yuko kwa wote wawili. Ni mtoto mmoja yule!"

Akaikuza. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Kehinde, mapacha wa kweli hufanana hata kwa inzi."

"Mwalimu! Wewe mtu wa vitabu!"

"Watu wanalia kwa furaha kule kundini. Kutoka London wanalia. Wewe peke yako umenuna. Unajua wanasemaje? Kwamba unamwonea wivu pacha wako."

Jioni ile ile alikuja kwetu na simu yake kubwa kupiga picha ya watu watatu. Mama katikati, amevalishwa kilemba cha buluu. Memuna kulia kwake. Mimi kushoto.

"Kehinde, sogea kidogo," akasema. "Hapana, zaidi. Zaidi. Unamziba mwenzio."

Nilisogea mpaka nikatoka kwenye picha. Akapiga.

Hakugundua. Au aligundua. Picha ile ilipata sifa kuliko garimoshi, baiskeli na Mzungu wakijumlishwa.

Kesho yake nilikwenda kwa Bi Olaitan, binti wa marehemu Baba Gbadebo. Studio haipo tena, wanauza vipuri vya pikipiki mahali pale. Lakini filamu za baba yake, zile ngozi nyeusi ambazo uso wa mtu huonekana mweusi na kivuli cheupe, anazo zote. Amezitia kwenye makopo ya maziwa ya unga, mwaka kwa mwaka, chini ya kitanda.

"Mwaka sitini na nne," nikamwambia.

"Ya mapacha?"

"Ya mapacha."

"Bi Kehinde, kaa. Nikuulize. Nani kakutuma, mama yako?"

"Nimejituma."

"Maana baba yangu alikuwa na sheria moja. Mteja wa picha ya kuzidisha haulizwi. Hahesabiwi watoto. Akiingia na mmoja, unamwambia, karibuni nyote. Unaweka vigoda viwili. Unawaambia wote wawili watulie. Ndivyo alivyofanya hata kwako. Nilikuwepo nashika taa."

"Alisema na mimi peke yangu?"

"Alisema na nyinyi wawili. Wewe ukageuka kumtafuta wa pili, ikabidi aanze tena."

Nilimnyang'anya kopo, Mungu anisamehe.

Bahasha ilikuwa ya nne kutoka juu. Mwandiko wa Baba Gbadebo, wino umekuwa wa kahawia: *Iya Ibeji, mama wa mapacha. Filamu moja. Chapa mara mbili.* Nikaivuta nikaiinua dirishani. Msichana mmoja juu ya kigoda chake. Upande wa pili kigoda kitupu, kimekaa pale kinasubiri.

Nilifurahi. Andika hivyo hivyo, mhariri, usinifiche. Nilifurahi kama siku serikali ilipoturudishia soko.

"Sasa umeona," akasema Bi Olaitan. "Irudishe."

"Nairudisha."

Kwanza nikaipiga picha kwa simu. Na bahasha yake. Nikaketi pale pale kitandani kwa watu nikaandika, na lile neno nililoshindwa kulitamka jikoni, kidole hakikushindwa:

*Huyu ni mtoto mmoja, na mtoto huyo ni mimi. Taiwo alikufa mwaka 1962. Mwanamke aliye nyumbani kwetu ni tapeli kutoka Ghana. Ogbomoso, fumbueni macho!*

"Umefanya nini?" Bi Olaitan akauliza, maana alikuwa ameuona uso wangu.

"Nimesema kweli."

"Kweli ilikuwa kwenye kopo miaka sitini, haikumuua mtu."

Kutoka kwake mpaka kwetu ni mwendo wa nusu saa. Nilitembea kama mtu aliyeshinda kesi. Simu ikilia mfukoni kama kifaranga. Picha ya watoto wawili mliibonyeza moyo mkapita, lakini tusi langu mlilibeba! Mlimtumia shangazi, mkamtumia mchungaji. Kabla sijafika makutano ya Takie lilikuwa limeshafika Tamale.

Memuna nilimkuta ukumbini, amesimama, mfuko wake wa kijani begani. Wake za kaka zangu wamejipanga ukutani, hakuna anayemtazama.

Alikuwa ameshika simu. Akanigeuzia niyaone maneno yangu, kana kwamba nilikuwa nimeyasahau.

"Ungeniambia mimi," akasema. "Jikoni. Nilikuomba uniambie. Ningeondoka mwenyewe bila watu elfu nne kunisindikiza."

Akaishusha simu.

"Tapeli," akasema, taratibu, kama anayejaribu nguo dukani. "Nilimwibia nani nini, Kehinde?"

Mara ya kwanza hakuniita dada.

Na hapa ndipo ninapoungama, maana mengine yote ni hadithi tu. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Ningeweza kubaki pale. Mlango wetu ni mwembamba, mtu hampiti mwenzake asipoomba. Ningeweza kusema, kaa, tuongee, tule kwanza.

Nilimpisha.

Alipita akinigusa bega. Alinukia mafuta ya shea, na harufu ile ile ilikuwa mwilini mwa mama yangu.

Wake za kaka zangu walirudi kufua. Mmoja, Abike, alitema mate chini akajishika masikio, kwa sababu ya lile neno.

Nikapakua kunde, nikatia mafuta ya mawese, nikampelekea mama. Moyo mweupe. Nyumba yangu imerudi.

"Mwite mwenzio," mama akasema.

"Mama, ameondoka."

"Amekwenda wapi?"

"Amekwenda kwao. Mama, yule si Taiwo. Nimeiona filamu kwa Gbadebo. Mtoto alikuwa mmoja."

Nikadhani hakusikia. Nikaanza kurudia kwa sauti.

"Nimesikia, mimi si kiziwi, mimi kipofu. Kehinde, siku ile nani alikufunga vifungo vya gauni?"

"Wewe."

"Nani alikubeba mgongoni kwenda kwa Gbadebo?"

"Wewe, mama."

"Na mgongo wangu mimi nausahau? Unadhani sijui nilikwenda na watoto wangapi? Ulihitaji kuvunja kopo la watu uje kunihesabia?"

Niliiweka sahani mkekani.

"Ulijua? Tangu alipofika ulijua?"

"Nilimshika mashavu. Taiwo nilimshika mashavu akiwa wa baridi. Mtu anasahau?"

Hakulitamka neno. Hata pale hakulitamka.

"Basi kwa nini ulimwita Taiwo?" Nilikuwa nimeanza kulia, na nilikuwa nalia kwa hasira. "Kwa nini ulimpa kitanda? Kwa nini ulicheka naye? Mimi miaka yote..."

"Alikuja mtu mzima mlangoni pangu hana mama. Mimi hapa nina nafasi ya mtoto mmoja, iko wazi tangu surua. Ulitaka nimpe nani, ukuta?"

"Na mimi?"

"Wewe mahali pako papo. Pamekuwapo siku zote. Hukuwahi kupakalia, Kehinde. Ulikuwa unapakanyaga tu, ukitazama pa mwenzio."

Kisha akaisukuma sahani kwa nyuma ya mkono, kunde zikamwagika kwenye mkeka.

"Mapacha hula pamoja. Sili mpaka mle wawili."

Nilidhani ni hasira za kizee, zitaisha kesho. Kesho yake alifunga kinywa mbele ya uji. Keshokutwa yake akafunga mbele ya maji, Abike akamlowesha midomo kwa kitambaa. Mchungaji alikuja akasema naye, mama akageukia ukuta. Mwalimu Oyewusi alikuja, akakaa, akaondoka bila kupiga picha. Daktari anasema moyo wa miaka themanini na sita hauna akiba.

Simu ya Memuna imezimwa. Nimeyafuta maneno yangu kundini, lakini nani atayafuta kwenye simu zenu? Kule Tamale majirani wanasema hajafika, na kama ameyasoma yaliyoandikwa na watu chini ya tusi langu, hatafika: jina lake limemtangulia hata kwao. Dereva mmoja pale Takie anasema alimpandisha kwenda Ilorin. Mwingine anaapa alikuwa ndani ya gari la Lagos, kiti cha nyuma, amejifunika uso kwa mtandio.

Leo ni siku ya tano.

Kwa hiyo ninakugeukia wewe. Ndiyo, wewe, uliyelibeba tusi langu kwa kidole kimoja umekaa kitako. Mimi niliandika, lakini miguu mlilitia ninyi. Soko tulilikomboa kwa sababu watu walitoka majumbani, hawakubonyeza moyo. Sasa toka.

Ukiwa Ilorin, nenda stendi. Ukiwa Lagos, nenda wanaposhukia watu wa kutoka kwetu, uliza misikitini, uliza kwa wapika kunde, uliza kwa wauza shea. Mwanamke mwembamba, shingo ndefu, mvi kwa mbele, mfuko wa kijani. Anazungumza lugha yetu kwa lafudhi ya Ghana. Usimpige picha! Msogelee, umsalimie kwa goti, maana ni mtu mzima. Usimwite Taiwo. Mwite Memuna. Mwambie mama hali chakula. Mwambie aliyekutuma ni Kehinde, na kwamba Kehinde hakusema "pacha wangu," hana haki hiyo. Alisema: njoo ule nami.

Akikataa, mpe simu yako nimwombe mwenyewe. Akikutukana, pokea, ni langu hilo.

Lakini nenda leo, si kesho baada ya kanisa. Weka gazeti hili chini. Vaa viatu.